Kiharusi Kinachojionyesha Machoni

Si kila kiharusi humlaza mtu. Kipo kinachomwacha anasimama, anatembea, hata anapanda daladala mwenyewe kwenda hospitali, huku akilalamikia jambo moja tu: kila anachokitazama anakiona mara mbili. Taa ya barabarani imekuwa mbili, mnara wa msikiti umekuwa miwili, na ngazi aliyoipanda miaka yote hajui tena aikanyage wapi. Akifumba jicho moja, dunia inarudi mahali pake. Mkono una nguvu, mguu una nguvu, mdomo haukwenda upande. Watu wa nyumbani wanamwambia akapime miwani, na yeye mwenyewe anauona ushauri huo una maana. Daktari mzoefu hana haraka na miwani. Anasimamisha kidole mbele ya uso wa mgonjwa na kumwambia: kifuate kwa macho, kichwa usikigeuze. Jicho moja likifuata na la pili likabaki nyuma, au yote mawili yakagoma kuvuka katikati, daktari anaanza kushuku mshipa wa damu ulioziba au uliopasuka ndani ya shina la ubongo, na mara nyingi anaweza kutaja ni ngazi gani ya shina hilo iliyoumia.

Kidole hicho kina historia ndefu, na sehemu yake kubwa ilitengenezwa kabla hapajakuwepo mashine yoyote duniani ya kutazama ubongo wa mtu aliye hai. Naisimulia kutokea Malindi ya Unguja kwa sababu mbili: pale lipo jumba lililojengwa wakati ule ule elimu hii ilipokuwa ikijengwa, na Unguja ya leo inaihitaji elimu hiyo pengine kuliko miji ilikoanzia.

Ukitoka bandarini Malindi ukaifuata barabara ya Mizingani kuelekea Forodhani, bahari ikiwa kulia kwako, utalikuta upande wa kushoto: jumba la ghorofa lenye roshani za mbao zilizotiwa nakshi kama mapambo ya harusi ya Kihindi. Ni kazi ya Tharia Topan, Ismailia aliyetoka Kutch, tajiri mkubwa aliyeshika forodha ya Sultani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, na nia ilikuwa hospitali ya maskini. Tharia Topan hakuiona nia yake ikitimia. Alifariki mwaka 1891, jengo likamalizika mwaka 1894, na mwaka 1900 likauzwa kwa Haji Nasser Nurmohamed, ambaye jina lake limeshikana na dispensari iliyofunguliwa chini huku juu wakikaa wapangaji. Kwa hivyo ile hospitali haikupatikana, ila dawa zilipatikana. Watu wa Mji Mkongwe waliliita jengo hilo Dispensari ya Ithnasheri, na wengine wanaliita hivyo mpaka leo, ingawa lilikwisha kukarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan katika miaka ya 1990 na halitoi tena hata kidonge.

Mafundi wa Malindi walipokuwa wakipandisha kuta hizo, mwaka 1889, daktari kijana mjini Danzig, bandari nyingine kwenye bahari ya Baltiki, alikuwa akimchunguza msokota kamba mwenye umri wa miaka 38. Nitamrudia. Kwanza tuelewe alikuwa akitafuta nini.

Shina la ubongo ndilo linalounganisha ubongo na uti wa mgongo. Njia zote zinazopeleka amri kwenye mikono na miguu hupita humo, na humo humo hutawaliwa pumzi, kumeza na kuamka. Ndani yake kuna vituo vya neva tatu zinazoendesha misuli 12 ya macho, sita kwa kila jicho. Neva ya tatu na ya nne vituo vyao viko ubongo wa kati, juu. Ya sita iko chini yake, katika sehemu iitwayo poni. Vituo hivyo vimeunganishwa kwa mkanda mwembamba wa neva ambao kazi yake ni moja: jicho la kulia likigeuka kushoto, la kushoto nalo ligeuke, kwa wakati mmoja na kwa kiasi kile kile. Damu ya eneo lote hili inaletwa na ateri mbili zinazopanda kupitia mifupa ya shingo, kisha zikaungana kuwa moja, basila. Katika viharusi vya kuziba mshipa, karibu kimoja kati ya vitano hutokea kwenye mkondo huu wa nyuma.

Nafasi ni finyu na mambo ni mengi. Jeraha la ukubwa wa punje ya mchele, ambalo mahali pengine ubongoni lingepita bila mwenyewe kujua, humu linaweza kuyatenganisha macho mawili yaliyokwenda pamoja tangu utotoni. Tena kuna jambo la ajabu lililowashughulisha sana wazee wa fani hii. Njia za mikono na miguu huvuka kwenda upande wa pili chini kabisa ya shina, lakini neva za macho na uso hutoka upande ule ule zilikoanzia, isipokuwa ya nne. Kwa hivyo jeraha la kushoto linaweza kulilemaza jicho la kushoto pamoja na mkono wa kulia. Kiharusi cha ubongo mkubwa hakifanyi hivyo. Mwili ulioumwa pande mbili kwa mpigo mmoja ulikuwa fumbo, na fumbo hilo ndilo lililoifungua elimu.

Paris ndiko lilikofunguliwa. Tayari katika miaka ya 1820, François Magendie alikuwa amewakata wanyama sehemu iliyo kati ya shina na ubongo mdogo wa nyuma, akaona jicho moja likielekea juu na jingine chini. Hakujua kwamba miaka karibu mia mbili baadaye alama hiyo ingekuwa inaokoa watu. Mwaka 1856 Auguste Millard na Adolphe Gubler, kila mmoja kwa njia yake, walieleza wagonjwa waliopooza uso upande mmoja na viungo upande wa pili. Mwaka 1858 Achille-Louis Foville akaongeza lake: mgonjwa wake hakuweza kuyapeleka macho yote mawili upande mmoja. Misuli ilikuwa mizima; kilichokosekana ni amri ya kuigeuza. Nadhani hapa ndipo elimu ilipopiga hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu Foville alionyesha kwamba kutazama upande ni kitendo cha macho mawili chenye kituo chake, na kituo hicho kiko ndani ya poni. Mwaka 1863 Hermann Weber, Mjerumani aliyefanya kazi London, alieleza kope iliyoanguka na jicho lililogeukia nje pamoja na kupooza kwa upande wa pili wa mwili, jeraha likiwa ubongo wa kati. Mwaka 1883 Henri Parinaud, huko huko Paris, alieleza watu wasioweza kuinua macho kutazama juu.

Wengi wa hao walifanya kazi kwa namna moja: walimtazama mgonjwa akiwa hai, wakaandika, na alipokufa wakafungua kichwa. Elimu ilisubiri kaburi.

Sasa tumrudie msokota kamba wa Danzig, kazi ambayo Malindi ya majahazi ingeielewa bila maelezo. Alikuwa amepatwa ghafla na kizunguzungu, akashindwa kumeza, na akapoteza hisia za maumivu na joto upande mmoja wa uso na upande wa pili wa mwili. Daktari wake, Adolf Wallenberg, alipochapisha habari zake mwaka 1895 hakuishia kueleza dalili. Alitaja mahali hasa pa jeraha, ubavuni mwa sehemu ya chini ya shina iitwayo medula, na akataja ateri aliyoamini imeziba. Ulikuwa ujasiri mkubwa, maana mgonjwa alikuwa bado hai na jibu lilikuwa limefungiwa ndani ya fuvu lake. Msokota kamba alifariki mwaka 1899. Uchunguzi wa maiti, uliochapishwa mwaka 1901, ulionyesha jeraha pale pale daktari aliposema. Katika kiharusi cha aina hii macho nayo hutoa ushahidi: huchezacheza bila kutulia, huvutwa kuelekea upande ulioumia, kope hushuka kidogo na mboni husinyaa. Wallenberg mwenyewe, Myahudi aliyeupa mji wake umaarufu huo, alilazimika kuukimbia uzeeni mwaka 1938 kwa sababu ya Wanazi. Alikufa Marekani mwaka 1949.

Unguja nayo haikuwa na uhaba wa waganga. Katika tiba ya Kiarabu iliyokuja na Waomani na Mahadhrami, falij (kupooza upande wa mwili) na lakwa (kupinda uso) yalikuwa magonjwa yaliyokwisha kuelezwa tangu Al-Qanun, kitabu cha tiba cha Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Wapo waliokanda, wapo waliopiga chuku, wapo walioandika kombe mgonjwa akanywa, na wapo waliopunga pepo. Simdharau hata mmoja wao, kwa kuwa Ulaya yenyewe, pamoja na elimu yote ya Gubler na Weber, haikuwa na dawa hata moja ya kuuzibua mshipa ulioziba. Tofauti ilikuwa kwamba kule dalili ziliandikwa, zikalinganishwa, na mwenye kukosea akaonyeshwa kosa lake mezani.

Kuna sababu nyingine iliyoifanya Afrika Mashariki ichelewe kuingia katika hadithi hii, nayo inatoka kwa madaktari wa kikoloni wenyewe. Mwaka 1929 C. P. Donnison, aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya, eneo lililoitwa Kavirondo ya Kusini, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha alivyowachukua Waafrika 1,000. Aligundua kwamba presha yao ilifanana na ya Wazungu hadi umri wa miaka 40 hivi, kisha ikashuka badala ya kupanda. Miongoni mwa wagonjwa 1,800 waliolazwa hospitalini kwake katika miaka miwili hakumwona hata mmoja aliyetambuliwa kuwa na presha ya juu. Vipimo vyake havikuwa vya uongo. Lakini viligeuka imani, kwamba presha na kiharusi ni maradhi ya wastaarabu na Mwafrika hayamhusu, na imani ikishakaa daktari huacha kutafuta. Tena Kavirondo ya wakulima haikuwa Malindi. Bandari ilikuwa na watu wa mji kwa karne nyingi, waliokula wali wa kununua, wakiteremsha kutoka majahazini papa mkavu aliyejaa chumvi. Wapenzi wa papa wasinikasirikie, lakini chumvi ina sehemu yake katika habari hii.

Sehemu hiyo ilionekana katika miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake, akiwemo M. Mugambi wa Kenya, walipowafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi. Presha za wahamiaji zilikuwa juu kuliko za jamaa zao waliobaki nyumbani, na tofauti ilianza kuonekana mapema sana baada ya kuhama. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu pungufu. Watu walikuwa ni wale wale. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Hapo hoja ya damu ya Mwafrika ikaporomoka, na kwa maoni yangu ilistahili kuporomoka zamani.

Muda mrefu kabla ya hapo elimu ya macho ilikuwa imehamia Boston, mikononi mwa mtu mmoja aliyekuwa na subira isiyo ya kawaida. Charles Miller Fisher, Mkanada, alikuwa daktari wa meli ya kivita Voltaire iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1941, akakaa kifungoni zaidi ya miaka mitatu. Huenda huko ndiko alikojifunza kukaa na kutazama. Katika Hospitali Kuu ya Massachusetts alijulikana kwa kukaa saa nyingi kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja. Mwaka 1964 alieleza macho yanayoshuka ghafla kwa pamoja na kupanda polepole, tena na tena, kwa mgonjwa asiye na fahamu: alama ya poni iliyoharibika, mara nyingi kwa damu iliyomwagika baada ya presha kupasua mshipa. Mwaka 1967 akaeleza kile alichokiita moja na nusu. Hesabu yake ni rahisi. Kutazama kulia ni moja, kutazama kushoto ni moja. Mgonjwa amepoteza kabisa upande mmoja, na nusu ya upande wa pili. Kilichobaki ni jicho moja tu linaloweza kutoka nje kuelekea sikioni. Ukiyaona macho ya namna hiyo huhitaji kuuliza jeraha liko wapi.

Mwaka 1966 Fred Plum na Jerome Posner wa New York waliipa jina hali mbaya kuliko zote: mtu amepooza mwili mzima kwa jeraha la mbele ya poni, hasemi, hamezi, lakini akili iko timamu na macho yanaweza kupanda na kushuka, kwa kuwa vituo vya mwendo huo viko juu, ubongo wa kati, mahali ambapo jeraha halikufika. Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle huko Ufaransa, alipatwa na hali hiyo Desemba 1995 akiwa na miaka 43. Jicho lake la kulia lilishonwa. Kwa kope ya kushoto alichagua herufi moja moja mpaka kikapatikana kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1997 siku chache tu kabla ya kifo chake. Nani ajuaye ni wangapi wa hali yake walilala katika vyumba vya Mji Mkongwe wakadhaniwa hawasikii, na mazishi yao yakazungumzwa mbele yao?

Mashine ya kwanza ya kuupiga picha ubongo wa mtu aliye hai ilitumika London mwaka 1971. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa na hospitali yake kuu Mnazi Mmoja, iliyopewa jina la V. I. Lenin baada ya Mapinduzi, na tangu mwaka 1964 madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu, China, walikuwa wakija kwa zamu. Picha za ubongo zilichelewa kufika. Hesabu ya kiharusi nayo ilichelewa. Kati ya mwaka 2003 na 2006 mradi ulioongozwa na Richard Walker pamoja na madaktari wa Tanzania ulikwenda nyumba kwa nyumba kuwahesabu wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilipata wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingi tajiri. Hata miaka 80 ilikuwa haijatimia tangu Donnison. Zamu ya Unguja ilifika mwaka 2019: watafiti wakiongozwa na Jutta Jørgensen waliwaandikisha kwa mwaka mzima waliolazwa kwa kiharusi katika hospitali za kisiwa, na wakapata zaidi ya matukio 800. Hao ni waliofika hospitali.

Wasiofika ndio wanaonishughulisha. Utafiti wa Gerry Mshana na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba Dar es Salaam watu wengi walikihusisha kiharusi na mashetani na uchawi, huku Hai wakitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Mjini palikuwa na hospitali kubwa, na mjini ndiko pepo walikokuwa wengi! Sasa mfikirie mtu ambaye hata hakupooza, ambaye macho yake ndiyo yaliyoharibika. Anaona mbili, anapepesuka kama mlevi, anatapika. Ataambiwa ni miwani, ni sikio, ni jini, au amekunywa. Kiharusi kitakuwa neno la mwisho kutajwa, wakati saa zinakwenda.

Na hapa ndipo kidole kinaporudi kazini. Mwaka 1988 Michael Halmagyi na Ian Curthoys wa Sydney walieleza kipimo kisichohitaji chombo: mgonjwa anaikodolea macho pua ya daktari, naye daktari anakigeuza kichwa cha mgonjwa kwa haraka, kwa kiasi kidogo. Mwaka 2009 Jorge Kattah, David Newman-Toker na wenzao wakakiunganisha na vipimo vingine viwili kwa wagonjwa 101 wenye kizunguzungu kisichokatika. La kwanza linashangaza: macho yakiteleza na kurudi, tatizo kwa kawaida ni la sikio, yakitulia sawasawa, hapo ndipo pa kuogopa, kwa sababu kizunguzungu hicho kinatoka ubongoni. La pili, macho yakicheza kwa kubadili mwelekeo kila mgonjwa anapotazama upande mwingine, shuku ubongo. La tatu, funika jicho moja kisha jingine: yakipanda na kushuka kujirekebisha, ni ile ile alama ya Magendie ya miaka ya 1820. Katika utafiti huo macho hayakuacha kiharusi hata kimoja kipite, wakati picha ya MRI iliyopigwa mapema ilivikosa viharusi 12 kwa kila 100. Vipimo hivi vinataka mkono uliofundishwa, na vinamfaa mgonjwa ambaye kizunguzungu bado kinaendelea. Havimtoshi kila mtu, wala havitofautishi mshipa ulioziba na uliopasuka. Kwa hilo picha haina mbadala.

Lakini ni vipimo ambavyo daktari wa kituo cha afya Unguja anaweza kuvifanya umeme ukiwa umekatika. Vyuo vyetu vya afya vivifundishe kwa mkono, kitanda kwa kitanda, wala visiviache vibaki mistari miwili ya mtihani. Nawe msomaji, ikitokea ghafla wewe au mtu wa nyumbani kwako anaona vitu viwili viwili, kope imeanguka, macho yamepishana, au kizunguzungu kimemshika pamoja na kupepesuka, kukwama ulimi au kushindwa kumeza, usimpeleke kupimwa miwani wala usimpe aspirini kwa kubahatisha. Mpeleke hospitali saa ile ile, na ukifika mwambie daktari jambo la kwanza: saa ngapi lilianza.